Pengo la Sekunde Sita

Watu wanaonijua kwa sauti tu hudhani mimi ni pande la mtu. Nikifika ukumbini na hiki kimwili changu cha kuazima, wananipita mlangoni wakiulizana DJ yuko wapi. Sauti ndiyo iliyonilisha miaka yote hii, ndiyo iliyonipatia mke, na ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo ninalotaka kulisimulia. Jina langu la kazini ni Kishindo. La nyumbani waachie wa nyumbani.

Nilianza kwa kubeba spika. Kulikuwa na DJ mmoja wa harusi, mtu wa maneno mengi na mgongo mbovu, aliyehitaji mgongo mwingine, nikampa wangu. Akienda kula aliniachia mashine, na hapo ndipo vidole vyangu vilipojifunza kuirudisha santuri nyuma, kuikwaruza, kuunganisha mdundo na mdundo bila wanaocheza kujua kwamba wimbo umebadilika. Baba yangu alikuwa seremala. Aliniuliza mara moja tu: "Kwa hiyo kazi yako ni kupiga nyimbo za watu wengine?" Nikasema ndiyo. "Basi zipige vizuri," akasema, akaendelea na randa yake. Hakulitaja tena mpaka alipokufa.

Baada ya miaka kumi na moja ya harusi, mahafali na ufunguzi wa maduka, kituo kimoja cha redio kikanipa saa mbili za Jumamosi mchana. Nilikuja kujua baadaye kwamba muda ule hakuna mtangazaji aliyeutaka. Kipindi nikakiita Mlango Wazi. Sharti lilikuwa moja: wimbo wowote wa hip-hop, wa mtu yeyote asiyejulikana, uje. Hakuna kujuana, hakuna bahasha. Ma-DJ wenzangu walivunjika mbavu. Walisema nafuga vifaranga vya watu. Lakini vifaranga wawili watatu wakakua, wakajaza viwanja, na kila walipohojiwa walisema, "Kishindo ndiye aliyetutoa." Sitaki kujifanya mnyenyekevu hapa. Nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Sasa nieleze kitu kimoja cha kazi yetu, maana bila hicho hutanielewa. Wimbo ukitoka mkononi mwako ukiwa safi, kesho utausikia kwa DJ mwingine akijidai kauvumbua yeye. Kwa hiyo tunaupiga muhuri. Muhuri ni sauti yako mwenyewe ukijitaja ndani ya wimbo wa mtu, ili atakayeuiba aibe na jina lako. Wangu ulikuwa wa sekunde sita: "Kishindoooo! Mlango uko wazi, na umeusikia hapa kwanza!" Niliurekodi mara moja tu, nikiwa na mafua, na mafua yale yakaufanya utikise madirisha. Mashine nilikuwa nimeipanga hivi: muhuri ukiingia, wimbo wenyewe unashuka chini kabisa, unapisha, kisha unarudi. Nikishamaliza naifuta ile nakala safi. Safi haitoki kwangu, nilikuwa nikiwaambia watu, na nilisema kwa majivuno.

Wasanii wakaujua mtindo huo, wakaanza kuniachia nafasi. Katikati ya ubeti wa pili mdundo unakatika, kimya, sekunde sita, halafu unarudi kwa nguvu. Hapo muhuri wangu ulikaa raha mustarehe. Tukapaita pengo. Msanii mpya akitaka kuniletea wimbo, wenzake walimuuliza kwanza: "Umemwachia Kishindo pengo?" Leo naona haya kulisema, lakini wakati ule niliona ndiyo heshima yenyewe, kwamba watu wanatunga nyimbo zao wakiniwekea kiti.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata mke wangu sikuwahi kumwambia. Nyimbo zilikuja arobaini, hamsini kwa wiki. Nilisikiliza sekunde kumi za kwanza. Mtu akiwa na kitu, katika sekunde kumi kitajitokeza. Sehemu iliyobaki niliitazama tu. Kwenye skrini wimbo ni mstari wenye milima na mabonde, na jicho lililozoea linaona kiitikio kiko wapi na mdundo unakatika wapi. Nilipiga mihuri kwa macho, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega.

Yule binti alikuja Jumanne moja asubuhi. Alikuwa anasuka nywele kwenye saluni ya mtaa wa nyuma yetu, na jina lake la jukwaani lilikuwa hilo hilo, Msusi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, ncha za vidole zimekolea weusi wa dawa ya nywele. Kupanda ngazi za kituo chetu tu kulimfanya kifua kipige filimbi. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na kile kidude cha kuvutia dawa kilikaa kwenye mfuko wa aproni pamoja na vitana.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Pumzika kwanza, nyimbo hazikimbii."

"Nimerekodi kwa simu," akasema alipopata pumzi. "Pale pale saluni. Utasikia na mashine ya kukaushia nywele, unisamehe."

Nikavaa spika za masikioni. Sekunde kumi zikapita nikaenda mpaka ishirini, jambo ambalo kwangu lilikuwa sawa na kupiga makofi. Alikuwa na sauti kavu, ya chini, na mistari iliyobana. Neno halikulegea hata moja.

"Nani anakuandikia?"

"Siandiki, kaka. Mikono yangu ina kazi. Natunga nikiwa nasuka, nayaweka kichwani. Mteja akiniuliza mbona nanung'unika, namwambia naziombea dua nywele zake zisikatike."

Nilicheka sana siku ile. Nikampeleka mwenyewe kwa rafiki yangu, fundi mwenye studio ndogo nyuma ya gereji, nikamwambia amrekodi vizuri na asimsumbue. Hilo nililifanya, na silijutii. Nataka lihesabiwe pamoja na mengine.

Baada ya wiki mbili akarudi na flashi iliyozungushiwa utepe mweupe ulioandikwa jina lake. Ilikuwa Alhamisi, nilikuwa na watu wawili wananisubiri na mmoja kwenye simu.

"Kaka, huu ndio wenyewe. Ukipata nafasi, naomba uusikilize wote."

"Ondoa shaka."

Alipoondoka niliuweka. Sekunde kumi: mzuri, mzuri sana, kuliko ule wa kwanza. Kisha macho yakafanya kazi yake. Katikati ya ubeti wa pili mdundo ulikatika na mstari ukalala, mwembamba kama uzi. Nikatabasamu. Huyu ana akili, nikajisemea, ameshafundishwa. Nikapachika muhuri, ukaenea pale kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nikahifadhi, nikafuta nakala safi, flashi nikaitupa kwenye mkebe wa flashi ninazowekea miziki ya harusi. Kazi yote haikufika dakika tatu, na simu sikuikata.

Jumamosi wimbo ukapigwa. Wasikilizaji walipiga simu mpaka laini ikazidiwa. Jumatatu Msusi akaja, safari hii akiwa amevaa blauzi nzuri, isiyo ya kazini.

"Asante sana kaka. Juzi nyumbani tulikaa wote mbele ya redio. Mama alizima hadi jiko, asisikie kingine."

"Umefanya kazi, dada. Nimefurahi."

"Nilikuwa naomba ile nakala safi. Ile isiyo na..." Akatafuta neno. "Ile kama nilivyokuletea."

"Safi hazitoki, unajua. Halafu nimeshaifuta."

Akaanza kujibandua rangi iliyoganda kwenye kidole. "Na flashi?"

"Nitakupa mpya. Ile nadhani imeshakwenda kwenye harusi ya mtu."

"Ni pale katikati tu, kaka. Pale mdundo uliponyamaza..."

"Pale!" nikamkatiza, nimemnyooshea kidole kwa furaha. "Pale ulinikosha. Wengine mwaka mzima hawajajua kuniachia pengo. Wewe mara ya kwanza tu!"

Uso wake ninauona mpaka leo. Alitabasamu kama mgeni aliyewekewa chakula asichokula na hataki kumwaibisha mwenyeji.

"Asante, kaka. Basi nitaurekodi tena."

"Rekodi, na mwingine mpya ulete."

Akashuka ngazi polepole, ameshika ukuta. Nikarudi kwenye simu zangu.

Hakurekodi tena. Yaliingia majira ya baridi, yale ya ukungu wa asubuhi, na siku moja kifua kilimbana akiwa anajiandaa kwenda kazini. Walimkimbiza hospitali, hawakuwahi. Fundi wa studio ndiye aliyenipigia. "Mkuu, Msusi hatunaye." Nilikaa kwenye ngazi za kituo, nikashindwa kupanda wala kushuka.

Jumamosi ile nilimfanyia kipindi kizima. Nilimlilia hewani, na ni kweli nililia, hayakuwa machozi ya redio. Kisha nikaupiga wimbo wake, na katikati ya msiba sauti yangu ikasikika ikipiga kelele kwamba mlango uko wazi. Sikuona kitu. Nilikuwa nimeizoea sauti ile hata siisikii.

Mama yake alikuja kituoni siku ya kumi na saba baada ya msiba. Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni, mkoba ameushika magotini kwa mikono yote miwili. Nikamwamkia, nikampa pole, nikamwagizia maji.

"Marahaba, baba," akasema, akinitazama juu mpaka chini. "Ndiye wewe? Nilidhani utakuwa mnene."

Tukacheka kidogo, kwa adabu. Halafu akaanza kunieleza taratibu, kama mtu aliyepanga maneno yake njiani.

"Kuna mahali kwenye wimbo mwanangu ananiita. Anasema 'Mama', halafu anavuta pumzi, halafu unaingia wewe." Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Siku ile ya redio nilimuuliza, hapo ulisema nini? Akakataa kuniambia. Akasema ni zawadi yangu, ataniletea wimbo usio na kelele nisikie mwenyewe. Akasema maneno ya hapo hajamwambia mtu, hata mashoga zake wa saluni. Nikamwambia haya, nitangoja. Sasa nimekuja kuuchukua."

"Kuuchukua upi, mama?"

"Huo usio na kelele."

Pengo halikuwa langu. Binti yule hakujua chochote kuhusu kiti changu, wala hakufundishwa na mtu. Alinyamazisha mdundo ili azungumze na mama yake peke yao, kwa sauti ndogo, na mimi nikaona uzi mwembamba kwenye skrini nikadhani ni kimya. Siku ile alipokuja na blauzi nzuri alitaka kuniambia hivyo, nami nikampongeza.

Ningeweza kumwambia mama pale pale. Badala yake nikasema, "Nipe siku chache, mama, nitautafuta."

"Sina haraka," akasema. "Tangu akiwa mdogo nalala kitanda cha kando yake, nasikiliza kifua chake. Najifanya nimelala asije akaona namlinda. Nimezoea kungoja." Akanyanyuka, akanishukuru mara mbili.

Nilianza na fundi wa studio. Yeye kila mwisho wa mwezi alisafisha kompyuta yake ipate nafasi.

"Nilifuta, mkuu. Si nilijua wewe unao?"

"Nami nilifuta nikijua unao wewe. Lakini si ulikuwepo anarekodi? Pale mdundo uliponyamaza alisema nini?"

Akajikuna kichwa. "Pale aliniomba nitoke nje. Alisema kuna kipande anaona haya kukisema mbele ya mtu. Niliwasha mashine, nikatoka kuvuta sigara."

"Na ulipochanganya sauti na mdundo?"

"Nilitazama tu sauti isipasuke. Maneno, kusema kweli, hayakunikaa."

Simu ya Msusi ilikuwa na ule wimbo wa mashine ya kukaushia nywele tu. Daftari hakuwa nalo. Niliumwaga mkebe wangu wa flashi mezani, zikafika thelathini na nane, nikazifungua moja moja. Nikaipata yenye utepe mweupe. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za kuingilia maharusi, za kukata keki na za kuwaaga wazazi. Nikaipeleka kwa mtaalamu wa kufufua vilivyofutika. Aliihangaikia siku nzima, akanirudishia akitikisa kichwa. Nilikuwa nimerekodi juu yake mara tatu.

Ikabaki njia moja, kuiondoa sauti yangu mwenyewe kutoka kwenye nakala yenye muhuri. Nilijifungia chumba cha kuhariri siku mbili. Na hapo, kwa kuwa ilibidi, nikausikiliza wimbo wa Msusi kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza.

Baada ya pengo, mdundo unaporudi, anasema: "ndiyo maana nikibanwa nageukia ukutani." Ubeti unaendelea, kiitikio kinarudi. Redioni wimbo ukipigwa huwa niko kwenye simu, na hapo nakata niingize wimbo mwingine, na sikujua kama kuna zaidi. Kumbe kuna. Mdundo unapofifia anazungumza, bila vina, anacheka kidogo: "Hii ya mama. Na kaka Kishindo, shukrani. Wengine wote walinisikia. Wewe ulinisikiliza."

Nilivua vile vya masikioni nikaviweka mezani. Nimeshawahi kuaibika mbele za watu, nimeshawahi kuzomewa ukumbini mpaka nikatamani ardhi inimeze, lakini sikuwahi kuona aibu ya namna ile, peke yangu chumbani, mlango umefungwa. Nililia nikiwa nimeuma mkono wa shati langu ili wa chumba cha habari wasisikie.

Sauti yangu ilikataa kutoka. Nilipoikwangua, yake ikakwanguka pamoja nayo. Nilichopata ni "Mama", pumzi, kisha kitu kama mtu anayezungumza ndani ya pipa la maji. Nilirudia mara mia, sikuokota hata silabi.

Mwenye saluni, bosi wake Msusi, akaja kunitembelea. Nilipomweleza, akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa.

"Mbona unajitesa? Mtungie. Wewe si mtu wa maneno? Mama wa watu apate kupumzika."

Nilikataa kwa mdomo. Lakini jioni ile kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua mama halali, alinieleza mwenyewe. Nilijua mstari unaofuata. Kupata ulio katikati hakukuwa kazi ngumu kwa mtu aliyeishi ndani ya mistari miaka ishirini. Nikaandika:

"Mama, najua hulali, unafumba tu macho,
unahesabu pumzi zangu, nami nahesabu zako,"

halafu unaingia ule wake, "ndiyo maana nikibanwa nageukia ukutani." Ukaenea sawasawa. Niliusoma kwa sauti ya chini nikausikia kabisa mdomoni mwake. Sikuwahi kuandika mstari mzuri kuliko huo. Nikaukariri, nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Jumapili mchana nikaenda kwa mama. Alikuwa anakaa chumba kimoja kikubwa, kisafi, chenye vitanda viwili. Kimoja kilikuwa kimetandikwa shuka lililonyooshwa kwa pasi, na ukuta ulio kando yake ulikuwa umechakaa rangi usawa wa mto. Mezani palikuwa na spika ndogo na simu. Alinikaribisha kiti, akanipa chai, akaketi kwenye kitanda chake.

Nikafungua kompyuta, nikamwekea ile niliyoisafisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ilipofika kwenye pipa la maji, akainua mkono.

"Zima, baba. Huyu si yeye. Umempeleka wapi?"

Nikazima.

"Heri hii yangu," akasema. Akabonyeza simu, wimbo ukaanza kwenye spika yake ndogo, ule ule wenye muhuri, waliompa wasichana wa saluni. Tukasikiliza. Ubeti wa pili ukaanza. Mdundo ulipokatika akainuka akasogea mezani. "Mama," akasema Msusi, akavuta pumzi, na mama yake akaifunika spika kwa kiganja, akaibana kwa nguvu. Nilisikia kitu kinanguruma chini ya mkono wake. Ilikuwa mimi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Alipofika sita akainua mkono, na Msusi akaendelea: "ndiyo maana nikibanwa nageukia ukutani."

"Nimeshazoea," akasema, akiufuta mkono kwenye gauni ingawa haukuwa umelowa. "Umeisikia hiyo pumzi? Haina filimbi. Siku hiyo kifua kilikuwa safi. Na ni ndefu. Alikuwa na mengi ya kusema."

Akauzima wimbo. Kisha akaniuliza lile nililojua ataniuliza.

"Wewe uliusikiliza kabla hujatia sauti yako. Amesema mwenyewe mwishoni. Hebu niambie, hapo alisema nini? Hata kama huna hakika na maneno yote. Nipe unachokumbuka."

Mstari wangu ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Karatasi niliisikia mfukoni. Ilikuwa nivute pumzi tu niseme, na mama huyu angelala usiku ule akiwa na kitu. Niliyatazama macho yake. Alikuwa amesogea mbele, ametega sikio, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Nikashindwa.

"Mama, sikuusikiliza."

"Husemi kweli."

"Nilisikiliza mwanzo tu. Pale nilipaona kwenye skrini, nikaona pamenyamaza. Nikadhani ameniachia mimi."

"Hata neno moja?"

"Hata moja, mama. Na alipokuja kuniambia, sikumpa nafasi."

Nilitegemea anitukane, na nilitaka anitukane. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayesimulia mambo ya kazini.

"Mwenye saluni alikuja juzi. Akaniambia Msusi alimnong'oneza maneno ya hapo, akaniimbia. Yana vina vizuri. Jana akaja yule fundi wa studio, naye ameyakumbuka ghafla, na ni mengine kabisa. Eti mwanangu aliniita malkia." Akatikisa kichwa, tabasamu likapita kidogo. "Mwanangu aniite malkia! Angeniita hivyo ningemuuliza amevunja sahani ngapi. Lakini sikuwaambia kitu. Niliwapa chai, nikawashukuru, walikuja kwa wema. Nikajiambia, acha waseme. Yupo aliyesikia kweli, mwanangu amemtaja kwa jina. Nikawa nakungoja wewe."

"Nisamehe, mama."

"Hujanidanganya," akasema. "Umefanya vizuri." Lakini nilimwona uso ukimshuka alipokuwa akilisema, na nilielewa kwamba mpaka dakika ile bado alikuwa na mtu wa kumngoja. "Basi ameondoka nayo."

Akahamia kwenye kile kitanda kilichotandikwa, akakaa ukingoni, akaweka kiganja juu ya mto, akaanza kulia kwa sauti. Nilitaka kumwambia neno, lakini lolote ambalo ningelisema lingekuwa langu, si la mwanawe. Nikabaki kwenye kiti, nikanyamaza mpaka alipomaliza.